Makohozi Yasiyopakwa Rangi

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji nilikuwa mtu wa laboratwari katika hospitali moja ya upande wa Kasongo. Kazi hiyo sikuisomea shuleni. Nilianza kwa kuosha vipande vya kioo, nikafundishwa kuvipaka rangi, kisha nikaruhusiwa kuviangalia kwa mikroskopi, kwa sababu aliyekuwa akiviangalia alihamishwa na hakuletwa mwingine. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe. Kulikuwa na kitabu kinene cha Kifaransa juu ya minyoo na vijidudu, jalada lake limeliwa na mchwa. Nilikisoma kurasa mbili kila alasiri baada ya kazi, na kila neno nisilolijua nililiandika kwenye daftari. Nilipokimaliza nilianza tena ukurasa wa kwanza.

Mashine ya radio, ile ya kupiga picha ya kifua, ililetwa nilipokuwa nimezoea kazi. Iliendeshwa kwa injini ya petroli, asubuhi mbili kwa juma, na ilipowaka hospitali nzima ilitetemeka. Watu walitembea kutoka mbali ili tu wapigwe picha, hata wenye vidonda vya miguu. Daktari wetu, Mbelgiji mrefu aliyekuwa na haraka lakini si mkali, aliipenda sana. Kabla ya mashine hiyo alikuwa akingoja majibu yangu ndipo aandike ugonjwa. Baada yake aliandika kwanza, majibu yangu yakafuata kama sahihi ya shahidi.

Simlaumu. Picha ya kifua ina nguvu ya ajabu. Inakuonyesha kivuli mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kivuli, na ni vigumu kubishana nayo. Lakini haisemi kivuli hicho ni cha nani. Magonjwa mawili tofauti kabisa yanaweza kuacha alama moja kwenye pafu, kama watu wawili wenye mguu wa ukubwa mmoja wanavyoweza kuacha nyayo zinazofanana kwenye matope. Mtu wa laboratwari yupo ili aseme ni nani aliyepita. Hayo niliyajua kwa kusoma. Kwa kutenda niliyajua kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Kabambare.

Alifika kwa lori la pamba, pamoja na mume wake, mama mkwe wake, na mtoto wa kike wa miezi minane mgongoni. Kwa miaka miwili alikuwa akikohoa, na kila asubuhi alitema makohozi ya rangi ya kutu, siku nyingine yenye damu wazi. Mume alikuwa mkulima, Mwislamu, mtu nadhifu wa kofia nyeupe iliyopigwa pasi. Yeye ndiye aliyejibu maswali yote.

Hapo lazima nieleze jinsi tulivyofanya kazi. Daktari aliuliza kwa Kifaransa, mimi au muuguzi tukatafsiri, na ikiwa mgonjwa ni mke wa mtu, tulimuuliza mume. Huo ndio ulikuwa ustaarabu. Kumwuliza mke wa mtu mbele ya mume wake habari za tumbo lake na kifua chake kungekuwa kumvunjia mume heshima. Mume alijibu, mke akaangalia chini, daktari akaandika. Mpaka siku ile sikuwahi kuona kasoro yoyote katika utaratibu huo, na mimi ni mtu wa kutafuta kasoro.

Picha ilipokauka daktari aliiinua dirishani. Kwenye pafu la kushoto, katikati kuelekea chini, palikuwa na kivuli chenye duara, na ndani ya duara patupu. "Shimo," alisema. "Kifua kikuu." Akaandika.

Siku zile mgonjwa wa kifua kikuu anayeambukiza hakukaa kwetu. Alipelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa wa kifua, safari ya siku mbili kwa lori, akakaa huko mwaka mzima au zaidi. Watoto hawakuruhusiwa kuingia. Lori lilikuwa linaondoka baada ya siku tisa. Ikaamuliwa kwamba mtoto arudi Kabambare na bibi yake, alelewe kwa uji. Kila mtu pale hospitalini alijua mtoto wa miezi minane aliyeachishwa ziwa ghafla huwa anapatwa na nini. Muuguzi alipomtafsiria, mwanamke yule hakulia. Alimhamisha mtoto kutoka ziwa moja hadi jingine na akauliza lori ni siku gani.

Nilipaka makohozi yake kwa rangi nyekundu, nikayapitisha motoni, nikayaosha kwa asidi, nikapaka bluu, kama tulivyofanya kwa makohozi yote. Kifua kikuu kikiwapo, unaona vifimbo vyekundu juu ya bluu. Sikuona. Siku ya pili sikuona. Siku ya tatu niliangalia mpaka jicho likatoka machozi, sikuona.

"Angalia tena," daktari alisema.

Niliangalia tena.

"Vinajificha," alisema kwa upole. "Picha haijifichi."

Ilikuwa kweli kwamba vinaweza kujificha. Lakini nilirudi kwenye daftari langu, nikapiga mstari katikati ya ukurasa: upande huu yanayokubaliana na kifua kikuu, upande ule yanayokataa. Yaliyokubaliana yalikuwa kikohozi, damu na duara la kwenye picha. Yaliyokataa yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani. Miaka miwili ya kutema damu, na mwanamke hakukonda. Homa ya jioni hakuwa nayo. Kivuli kilikuwa chini, na kwa watu wazima kifua kikuu hupenda kuanzia juu ya pafu. Katika damu yake zile chembe zinazoongezeka mtu akiwa na minyoo zilikuwa nyingi mno, ingawa hilo peke yake halikuwa na uzito, maana kwetu nani hakuwa na minyoo? Na kila asubuhi nilimwona akipita na mzigo wa kuni kichwani, mama mkwe wake akimfuata mikono mitupu na kumtania.

"Tembea, wee mugonjwa wa kufa!" mama huyo alikuwa akipaza sauti ili watu wote wasikie. "Mimi muzima nimechoka, yeye mugonjwa anabeba musitu!"

Rangi ya kutu ndiyo iliyonisumbua zaidi. Katika vioo vyangu vilivyopakwa sikuona kitu chochote cha rangi hiyo. Imekwenda wapi? Nilifungua kitabu mahali palipokuwa na mnyoo wa mapafu, mnyoo mnene wenye umbo la punje ya kahawa, unaompata mtu kwa kula kaa wa mtoni ambaye hakuiva. Hujichimbia kijumba ndani ya pafu, na kijumba hicho kwenye picha ni duara. Mwandishi alikuwa ameongeza sentensi moja: makohozi yaangaliwe kama yalivyotoka, bila rangi, kwa sababu moto na asidi huharibu mayai. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo angalau mara tatu. Ukingoni palikuwa na alama ya penseli yangu mwenyewe. Na katika miaka yote ile sikuwa nimeangalia makohozi mabichi hata siku moja. Tuliyaogopa, kwa hiyo tuliyapitisha motoni kwanza, na tuliita hivyo usafi.

Asubuhi iliyofuata nilimpa mwanamke mkebe. Alinirudishia mate meupe, safi kama maji.

"Haya si yenyewe, mama," nilimwambia. "Nataka yale ya ndani, ya kwanza asubuhi."

Mama mkwe aliniangalia kuanzia viatu hadi kichwa. "Bwana wa mikebe, mama yako alikufundisha kuomba watu makohozi? Mwanamuke hakohoi hivyo mbele ya wanaume. Hata kama anakufa."

"Basi akohoe nyuma ya nyumba."

"Na wewe utayafanyia nini? Utayapika?"

"Nitayaangalia tu."

"Kazi iko nyingi duniani," alisema, lakini aliuchukua mkebe.

Kesho yake ulikuwa na kitu cha kweli. Niliweka tone kwenye kioo, bila rangi, bila moto, nikalifunika. Nilianza pembeni kama kawaida yangu na kusogea mstari kwa mstari. Mstari wa tatu niliona yai. Lilikuwa la rangi ya dhahabu iliyokolea, lenye umbo la yai la kuku kabisa, na upande wake mpana ulikuwa na kifuniko, kidogo na bapa, chenye ukingo ulioinuka. Nililipima kwa rula ndogo iliyo ndani ya lensi: mikroni themanini na kitu. Nikapata la pili, la tatu, halafu manane pamoja. Ile kutu yote ilikuwa mayai. Nilikaa nimeshika meza. Kisha nikachora moja kwenye daftari, nikaandika kipimo chake, nikaenda kumwita daktari.

Aliangalia kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. "Waulize kama wanakula kaa," alisema.

Tulimwita mume. Nilimuuliza.

"Kaa?" Alishtuka kana kwamba nimemwuliza kama wanakula viatu. "Munganga, sisi ni wa Islamu. Kwetu kaa si chakula. Hata harufu yake haijaingia mu nyumba yangu, tangu baba yangu."

Alisema kweli, na ilionekana wazi kwamba ni kweli. Nilitafsiri. Daktari aligeukia mkebe.

"Umeoshwa wapi?"

Ulikuwa umesuuzwa kijitoni. Mama mkwe alikuwa ameuona mchafu akaamua kutusaidia. Daktari alinyanyua mabega: maji ya kijito yana kila kitu. Nilimwomba siku moja. Nikachemsha mkebe mwingine, nikaufunga kwa kitambaa, nikampa mwanamke mkononi mwake nikimwomba asimpe mtu yeyote. Mayai yalikuwa yale yale, ya kipimo kile kile.

"Ninayaona," daktari alisema. "Lakini yameingiaje, ikiwa hali kaa? Na hata kama anao mnyoo huu, kifua kimoja kinaweza kubeba magonjwa mawili. Nikimwacha hapa kati ya akina mama na watoto wao, na kumbe nimekosea, nitawajibu nini? Nipe sababu. Lori ni keshokutwa."

Alikuwa na haki. Kila nilichokuwa nacho kilisimama imara, isipokuwa hakikuwa na mlango wa kuingilia.

Nilikwenda jikoni, kwenye kile kibanda cha nyuma ambako ndugu za wagonjwa walipikia. Mama mkwe alikuwa anakoroga ugali wa muhogo. Mwanamke alikuwa ameketi kando ananyonyesha. Mume hakuwapo, alikuwa amekwenda kuswali. Nilichuchumaa mbali kidogo, kama inavyotakiwa, nikazungumza na mkubwa.

"Mama, dada huyu anakula kaa?"

Mwiko ulisimama. Walitazamana, na yule mwanamke akafunika mdomo kwa kitambaa cha mtoto. Alikuwa anacheka, au alikuwa anaogopa, sikuweza kujua.

"Nani alikuambia?" mama mkwe aliuliza.

"Makohozi."

"Hii makohozi ina mudomo mubaya."

Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, huku akiendelea kukoroga. Wakati wa kiangazi wanawake wa kwao huziba vijito kwa matope na majani, huyatoa maji kwa vikapu, na huokota samaki waliobaki kwenye tope. Samaki wanakwenda nyumbani. Kaa hawaendi nyumbani. Huliwa pale pale kwenye maji, na wanawake peke yao, wakivunjwa miguu na kulambishwa moto wa majani makavu kidogo tu, maana kazi inangoja na watu wana njaa. Magamba hutupwa, midomo husuuzwa, na wanaume wanaporudi shambani wanakuta samaki.

"Na mume wake hajui?"

"Anajua samaki."

"Lakini nilimuuliza yeye, akasema hamli!"

"Yeye hali. Amesema uongo?"

"Basi kwa nini dada hakusema?"

Mama mkwe aliinua mwiko na kunielekezea nao. "Nani alimuuliza?"

Nilikuwa pale chumbani siku ya kwanza, nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na swali lilimpita likaenda kwa mume kwa sababu mimi ndiye niliyelipeleka huko.

Ndipo mwanamke mwenyewe akanisemesha, kwa mara ya kwanza. "Kaka, usiseme. Akisikia, atanirudisha kwetu. Na mutoto ni wa baba yake. Wakiniweka mu lori, mutoto anabaki. Wakinirudisha kwetu, mutoto anabaki. Nichague nini?"

Nilimwambia ningemweleza daktari kwa Kifaransa, peke yetu. Nilikwenda. Nilisema kwamba nimepata habari ya hakika, kutoka kwa mtu aliyekula naye, na kwamba mume hakujua. Daktari alinisikiliza akiwa amesimama.

"Ninakuamini," alisema. "Lakini huyu mume amekubali mke wake aende kwenye lori. Nikibadilisha, ataniuliza kwa nini, na mimi simdanganyi mtu juu ya ugonjwa wa nyumbani kwake. Tena mke akirudi nyumbani na kula kaa wale wale, tumetibu nini? Waite kesho asubuhi."

Walikuja, mume mbele na kofia yake, mwanamke nyuma na mtoto. Mama mkwe alikuja wa mwisho, na mkononi alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga uliofunikwa jani. Hakusubiri aulizwe. Aliuweka juu ya meza ya daktari, juu kabisa ya karatasi zake.

"Na mimi nakohoa," aliniambia. "Mwaka wa ngapi sijui. Tazama yangu. Shika vizuri, ni makohozi ya mutu mukubwa."

Niliuchukua mpaka laboratwari na watu wote wakanifuata, hata daktari. Niliweka tone kwenye kioo. Safari hii sikufika hata mstari wa pili kabla ya kuona mayai. Daktari aliinama akaangalia, akainuka, akamwangalia mama yule kwa namna ambayo sikuwahi kuona akimwangalia mgonjwa.

"Nini?" mume aliuliza. "Wameona nini?"

"Wameona kaa," mama yake alisema.

"Kaa gani?"

"Kaa wa kijito chetu. Nimewala mimi, tangu wewe hujazaliwa. Nilipokuwa na mimba yako niliwala zaidi. Muke wako alipoolewa nilimupeleka kijitoni mimi mwenyewe, nikamupa mimi, kwa mukono huu. Mukwe anafuata mama mukwe wake. Sasa unafanya nini? Unirudishe kwetu?"

Injini ya radio ilikuwa inawashwa nje, ikakohoa mara mbili na kuzimika. Mume alivua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena.

"Kwenu wamekwisha kufa wote," alisema hatimaye. "Nitakurudisha kwa nani?"

"Basi."

"Na Mungu?"

"Na Mungu nitaongea naye mimi. Wewe ongea na munganga."

Mume alinigeukia mimi, si daktari. Aliuliza kama mnyoo huu unapita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto kwa maziwa. Nikatafsiri, ingawa jibu nililijua. Daktari alisema hapana, haupiti kwa maziwa wala kwa pumzi, unapita kwa kaa asiyeiva tu. Mume aliuliza kama mke wake akibaki hapa atakaa na mtoto. Daktari alisema ndiyo, chumba cha pembeni, mpaka makohozi yaangaliwe mara tatu zaidi kwa vile vifimbo vyekundu, kwa sababu yeye hapendi kubahatisha. Mume alitikisa kichwa kukubali. Kisha akamwambia mke wake, bila kumtazama, "Samaki wale walikuwa wazuri kweli," na akatoka nje.

Siku ya pili lori liliondoka na wagonjwa wake. Jina la mwanamke yule lilikuwa limekatwa kwenye orodha kwa mstari wa wino. Vifimbo vyekundu havikuonekana, si katika mara tatu zile wala baadaye. Dawa ya wakati ule haikuwa nzuri sana: vidonge vichungu vya klorokini, wiki nyingi, na wanawake wote wawili walilalamika masikio yanalia. Mama mkwe alidai vyake ni vichungu zaidi kwa sababu ya umri. Kila Jumatatu nilihesabu mayai katika tone moja la makohozi ya kila mmoja na kuyaandika. Yalipungua, yakapanda kidogo, yakapungua tena. Daktari alipopiga picha ya pili, duara lilikuwa limenywea na kuwa kama kovu la kidole. Aliiweka kando ya ile ya kwanza dirishani na kuniita nizione zote mbili. Kisha akasogea, akaniachia nafasi ya kusimama kando yake.

Tangu hapo tulibadilisha mambo mawili. Makohozi yote yenye damu niliyaangalia kwanza mabichi, kabla ya moto. Na mgonjwa akiwa mke wa mtu, baada ya mume kujibu, muuguzi mmoja mwanamke alimchukua kando na kumuuliza upya, swali moja moja. Waume wengine walinung'unika. Majibu yalikuwa tofauti mara nyingi kuliko nilivyotegemea.

Waliondoka kwa lori lile lile la pamba, asubuhi ya jua. Mtoto alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta wa chumba cha pembeni, na hakutaka kubebwa. Mama yake alimfunga mgongoni kwa nguvu huku mtoto akipiga mateke, akapanda, na mume akampokea kutoka juu.

Mama mkwe alibaki chini mpaka mwisho. "Bwana wa mikebe," alisema, "tukiwapika kaa mpaka waive kabisa, wawe wekundu, tunaweza kula?"

"Mkiwapika mpaka waive kabisa, ndiyo."

"Sema kwa sauti," alisema, akamtazama mwanawe aliyekuwa juu ya marobota ya pamba.

Nikasema kwa sauti.